Kuku Anapoatamia Katikati ya Majira ya Baridi: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji wa Nyumbani

Kuku akianza kuatamia wakati wa baridi kali, mfugaji ana siku chache tu za kuamua moja kati ya mambo mawili: amwachishe kuatamia mara moja, au ampe mayai yenye mbegu na kumwandalia mahali ambapo yeye na vifaranga wake wataishi salama kwa muda usiopungua wiki 9. Hesabu hiyo ina wiki 3 za kuatamia na wiki 6 za kungoja vifaranga waote manyoya ya kuwakinga. Kumwacha tu akalie kiota kitupu hadi achoke mwenyewe ni kubaya kuliko njia zote mbili, kwa sababu baridi inamla upande huu na njaa upande ule, na mwishoni hapatikani hata kifaranga mmoja.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mfugaji mwenye kuku wachache nyuma ya nyumba, bila chumba kikavu kilichojitenga na banda kuu, jibu sahihi wakati wa baridi ni kumwachisha. Kutotoa vifaranga katika majira hayo kunawezekana, na hatua zake nitazieleza kwa kirefu, lakini ni kazi ya kila siku isiyosubiri mapumziko wala safari.

Kwa nini anaatamia wakati usiofaa

Kuatamia kunaongozwa na homoni iitwayo prolaktini, inayotoka katika tezi ya pituitari chini ya ubongo. Homoni hiyo ikipanda, utagaji husimama, hamu ya kula hupungua na kuku hushikamana na kiota. Si ukaidi wala uvivu, na kumwadhibu hakuwezi kuishusha.

Kwa kawaida hali hii huja siku zinaporefuka na hali ya hewa inapopata joto. Wakati wa baridi mara nyingi huchochewa na mambo ambayo mfugaji mwenyewe ameyaleta bandani: taa inayowashwa ili kuku wapate saa 14 hadi 16 za mwanga na waendelee kutaga, mayai yanayoachwa yarundikane kwa sababu hakuna anayetaka kutoka nje kwenye baridi, na viota vyenye giza na matandiko mengi. Aina ya kuku nayo ina nafasi yake. Silkie, Cochin, Brahma, Orpington na wengi wa kuku wadogo wa bantam huatamia kwa urahisi sana, ilhali Leghorn ni nadra kufanya hivyo. Mwenye Silkie asishangae kumkuta kiotani hata theluji ikiwa imefunika paa.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba anaatamia kweli

Kuku anayejificha kiotani wakati wa baridi anaweza kuwa mgonjwa, na kosa la kuwachanganya wawili hawa linaweza kumgharimu uhai. Kuku anayeatamia ana nguvu na ana hasira. Ukimsogezea mkono hujitutumua, hutandaza mkia, hutoa sauti nzito ya koo na hudonoa. Ukimtoa na kumweka chini, atakaa kidogo akiwa amejibana, kisha atatembea huku akilialia kwa mkato na kurudi kiotani moja kwa moja. Usiku hapandi kwenye fito za kulalia pamoja na wenzake. Kinyesi chake nacho hujieleza: kwa kuwa hukizuia kwa saa nyingi, hukitoa kwa mkupuo mmoja mkubwa wenye harufu kali isiyo ya kawaida.

Mgonjwa hana hasira. Hufumba macho, hushusha mabawa, na akiondolewa hubaki pale alipowekwa. Aliyekwama yai husimama wima isivyo kawaida, mkia ukipanda na kushuka kila anapokakamuka, na huyo anahitaji msaada wa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kuku anayenyonyoka manyoya pia hupenda kujitenga na hachangamki, lakini haking'ang'anii kiota.

Ipitishe mikono chini ya kuku na upapase kidari na tumbo. Anayeatamia huwa amejinyofoa manyoya sehemu hiyo ili ngozi iguse mayai, na utakuta ngozi tupu yenye joto jingi. Ngozi hiyo ndiyo chanzo cha tahadhari nyingi zinazofuata, maana kuku huyu ameivua nguo yake ya baridi mahali pale ambapo mwili wake una joto zaidi.

Ukiwa bado umemshika, tenganisha manyoya yaliyo karibu na tundu la haja na chini ya mabawa uangalie chawa na utitiri. Wako utitiri wanaoishi juu ya mwili wa ndege muda wote na kustawi hasa katika miezi ya baridi, na kuku asiyetoka kwenda kuoga vumbi huwa karamu yao. Kumnyonya damu ndege ambaye tayari hali vizuri ni njia ya haraka ya kumuua. Mtibu kwa dawa inayoruhusiwa kwa kuku, badilisha matandiko yote, na umwekee beseni la mchanga mkavu na udongo laini mahali pasipofikwa na theluji.

Hatua ya pili: pima uwezo wako kabla ya kuamua

Jiulize kama unacho chumba kisichopenyeza upepo wala unyevu, ambacho halijoto yake haishuki chini ya kiwango cha kuganda kwa maji. Jiulize kama yupo mtu wa kumhudumia kuku huyo angalau mara mbili kwa siku, na kama unao jogoo aliye na afya, kwa kuwa uwezo wa jogoo kurutubisha mayai hupungua siku zikiwa fupi, hasa kama undu wake umeumizwa na baridi. Tazama pia mwili wa kuku mwenyewe. Kuatamia kunaweza kumpunguzia sehemu ya tano ya uzito wake, kwa hiyo aliyeanza akiwa amekonda, aliyetoka kunyonyoka manyoya hivi karibuni au aliyekuwa mgonjwa hafai kabisa. Jibu likiwa «hapana» kwa mojawapo ya haya, nenda kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya tatu: kumwachisha kuatamia

Anza siku ileile unayogundua, kwani aliyeatamia siku mbili huacha upesi na aliyeatamia wiki mbili husumbua. Okota mayai mara kadhaa kwa siku, jambo ambalo wakati wa baridi unapaswa kulifanya hata hivyo ili yasigande na kupasuka. Kuku wengi hutaga asubuhi, kwa hiyo viache viota wazi asubuhi, kisha vifunge kwa ubao kuanzia adhuhuri. Giza likiingia, mbebe kuku wako umweke kwenye fito katikati ya wenzake. Kuku haoni vizuri gizani na hatathubutu kushuka kukitafuta kiota, hivyo atapata usiku mzima akiwa mbali nacho, na joto la wenzake litamkinga. Kwa aliyeanza juzi tu, hayo mara nyingi hutosha.

Asipoacha baada ya siku mbili au tatu, tumia kizimba chenye sakafu ya wavu. Kiinue kwa matofali au kining'inize kidogo ili hewa ipite chini yake, usiweke matandiko yoyote, na umpe chakula na maji muda wote. Kazi ya wavu ni kumnyima mahali laini pa kujikunyata na kuupoza upande wa chini wa mwili, ili ule mzunguko wa homoni ukatike. Hapa baridi inadai busara. Katika majira ya joto kizimba hukaa popote penye kivuli, lakini wakati wa baridi kali ni lazima kiwe ndani ya jengo lisilopitisha upepo na lisiloganda, kwa sababu hewa inayozunguka chini ya ngozi isiyo na manyoya ikiwa ya barafu itamjeruhi. Weka kizimba mahali anapowaona na kuwasikia kuku wengine, na umwangalie asubuhi, mchana na jioni. Ukimkuta anatetemeka au ameinua mguu mmoja muda mrefu, tandika ubao mtupu kwenye nusu ya sakafu wakati wa usiku.

Baada ya siku 3, mfungulie asubuhi na usimame umtazame. Akienda kuparua na kula pamoja na wenzake bila kukikumbuka kiota, amepona. Akirudi kiotani ndani ya saa moja, mrejeshe kizimbani kwa siku 2 zaidi kisha umjaribu tena. Wachache huchukua wiki nzima.

Kuna mambo ambayo hayafai kufanywa, na ninayasisitiza kwa sababu yanapendekezwa mno. Usimtumbukize kwenye maji baridi. Manyoya yaliyolowa hayashiki joto, na kuku aliyelowa katika hewa ya kuganda anaweza kufa kabla hajakauka. Usimnyime chakula wala maji ukidhani njaa itamtoa kiotani, wala usimfungie gizani. Barafu chini ya tumbo, ambayo wengine huitumia kipindi cha joto, wakati wa baridi ni ukatili mtupu.

Baada ya kuacha, mpe chakula chenye protini nzuri na punje za mahindi jioni, na umlaze kati ya wenzake hadi manyoya ya kidari yarudi, jambo linalochukua wiki kadhaa. Usitazamie mayai haraka. Wakati wa siku ndefu angerudi kutaga baada ya wiki chache, lakini wakati wa baridi, bila mwanga wa ziada, anaweza kungoja hadi siku zirefuke. Kama ulikuwa ukitumia taa, usiizime ghafla kwa hasira ya jambo hili, maana kupungua kwa mwanga kwa ghafla kunaweza kuwafanya kuku wote wanyonyoke manyoya katikati ya baridi.

Hatua ya nne: kama umeamua atotoe

Shughuli huanza na mayai. Yaokote kabla hayajapoa sana, chagua yasiyo na ufa wala kasoro ya umbo, na uyahifadhi ndani ya nyumba kwenye nyuzi joto 13 hadi 18 za Selsiasi, ncha nyembamba ikiwa chini, kwa muda usiozidi siku 7. Kuku mkubwa ambaye kwa kawaida angepewa mayai 12, mpe 8 au 9, na mdogo wa bantam mpe 4. Sababu inastahili kueleweka vizuri. Kuku huyageuza na kuyahamisha mayai yake mara nyingi kwa siku, la pembeni likienda katikati na la katikati likienda pembeni. Yai moja lisilofunikwa vyema halifi peke yake. Kila yai hupata zamu ya kukaa mahali hapo penye baridi, na hatimaye unaweza kupoteza karibu yote kwa tamaa ya mawili.

Kiota kiwe kwenye kile chumba kilichojitenga. Sanduku la upana wa sentimita 35 hadi 40 kila upande linatosha. Liinue kutoka kwenye sakafu ya saruji kwa ubao, tandika tabaka la makatoni, juu yake maranda ya mbao yenye kina cha sentimita 10, kisha nyasi kavu uzikandamize kwa ngumi katikati ili mayai yajikusanye badala ya kubingirika. Tundu za hewa ziwe juu, karibu na dari, ili mvuke na harufu kali ya kinyesi vitoke bila upepo kumpiga kuku. Banda lililozibwa kila mahali kwa kuogopa baridi hujaa unyevu, na unyevu ndio unaosababisha undu na vidole kuungua kwa baridi kuliko baridi kavu yenyewe.

Mhamishe usiku akiwa na mayai bandia chini yake. Akitulia kwa siku 2 mahali papya, mwondolee yale bandia na kumpa mayai halisi yote kwa mara moja, kila moja likiwa na alama ya penseli. Asipotulia, umeokoa mayai yako.

Kwa siku 21 zinazofuata, kazi yako kubwa ni kuhakikisha anatoka kiotani mara moja kwa siku, anakula, anakunywa na kujisaidia, kisha anarudi upesi. Chakula na maji viwe umbali wa hatua moja au mbili, si ndani ya kiota, kwa sababu akila akiwa amekaa atakichafua kiota na kulowesha mayai. Yai linahitaji joto la takriban nyuzi 37.5 na hupoa haraka chumba kikiwa baridi. Dakika 30 anazoweza kujipumzisha wakati wa joto zipunguze ziwe 10 hadi 15. Asiyetoka mwenyewe mbebe kwa upole, ukikagua kwanza kwamba hakuna yai lililonaswa kwenye bawa. Maji yawe ya uvuguvugu na yabadilishwe kabla hayajaganda. Mpe chakula cha vifaranga au cha kukuzia pamoja na punje za mahindi, kwa kuwa hatagi na hahitaji kalisi ya chakula cha kuku wa mayai. Mara moja kwa wiki papasa mfupa wa kidari. Ukiona umechongoka kama kisu na nyama pande zote mbili zimenywea, sitisha kazi hii, hata kama mayai yana uhai. Maisha ya mama yatangulie.

Siku ya 7 usiku yamulike mayai kwa tochi yenye mwanga mkali. Lenye uhai huonyesha doa jeusi na mishipa myekundu iliyotandaa kutoka kwenye doa hilo, na mara nyingine doa lenyewe hucheza. Lililo angavu kabisa halina kitu, na lenye duara la damu limekufa. Ondoa hayo, kwa sababu yanachukua joto bila faida na yakiwa viza hupasuka na kuwachafua mengine. Rudia siku ya 14. Ukikuta siku moja kuku amekaa nje muda mrefu na mayai yamepoa, usikimbilie kuyatupa: mrudishe, kisha yamulike baada ya siku 3 au 4. Viinitete huvumilia zaidi ya tunavyodhani. Kuanzia siku ya 18 usiyaguse tena.

Neno moja kuhusu taa za joto. Kuzitundika juu ya kiota chenye nyasi kavu, vumbi na manyoya ni kuualika moto, na mabanda mengi yameteketea kwa njia hiyo. Kama chumba kinaganda kiasi cha kuhitaji taa ili mayai yasife, chumba hicho hakifai, na mayai yahamie kwenye mashine ya kutotolea.

Hatua ya tano: vifaranga na mama yao

Mayai huanguliwa kati ya siku ya 20 na ya 22. Mama anaweza kubaki juu yake siku nzima au mbili bila kutoka, nawe usimharakishe. Kifaranga huishi kwa kiini alichokivuta tumboni kwa takriban saa 48 bila kula. Toa maganda tu, na mayai yaliyobaki baada ya siku ya 23.

Vifaranga walio na mama mzuri hawahitaji chumba chenye nyuzi 32 hadi 35 kama wale wa bruda (kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga bila mama), kwa sababu wanatoka kula kwa dakika chache kisha wanarudi chini yake kupata joto. Wanachohitaji ni ukavu. Maji yawe kwenye chombo kipana chenye kina kifupi kilichojazwa kokoto, maana kifaranga aliyelowa katika baridi hufa ndani ya muda mfupi. Siku 2 au 3 za mwanzo wafunge katika eneo dogo ili asipatikane anayepotea mbali na mama. Tumia masikio yako: sauti ndogondogo za utulivu ni dalili njema, lakini kilio cha juu kisichokoma maana yake ni kwamba yupo mmoja ameachwa nje ya mabawa.

Hatari kubwa huja wiki ya 3 na ya 4. Vifaranga wamekua kiasi kwamba hawaenei tena chini ya mama, lakini manyoya yao bado hayajakamilika, na walio pembezoni hulala nusu ya mwili ikiwa nje. Hapo ongeza nyasi kavu kwa wingi, uwapunguzie nafasi ya kulala kwa kuweka kisanduku kidogo chenye dari fupi, na baridi ikizidi waweke bamba la joto wanaloweza kuingia chini yake, ambalo ni salama kuliko taa. Fuatilia pia kama mama ameanza kuwafukuza. Wengi huacha malezi kati ya wiki ya 5 na ya 8, lakini akiacha mapema kabla ya manyoya kukamilika, wahamishie vifaranga kwenye bruda usiku huohuo. Badilisha matandiko kila yanapolowa, kwani ugonjwa wa kuhara damu hustawi kwenye unyevu wenye joto.

Kama mayai hayakuwa na uhai, au jogoo hayupo, unaweza kumpa kuku aliyeatamia angalau wiki mbili vifaranga wa kununua wenye umri wa siku 1 hadi 2. Waingize chini yake usiku mmoja baada ya mwingine huku ukiondoa mayai, usikilize kwa muda, na uwepo alfajiri kabla hakujapambazuka. Akimdonoa hata mmoja kwa nguvu, waondoe wote na uwe na bruda iliyokwisha kupata joto.

Kuwarejesha kundini

Aliyekaa kizimbani siku 3 au 4 hurudi bila shida kubwa. Aliyetengwa wiki nyingi ni mgeni, na kwa kuwa kuku hubanana bandani wakati wa baridi, mgeni huonewa zaidi. Weka wavu kati yake na kundi kwa wiki nzima ili waonane, kisha wachanganye asubuhi, siku isiyo na dhoruba, pakiwa na vyombo vya chakula na maji katika sehemu mbili. Vifaranga waachie upenyo mdogo ambao kuku wakubwa hawapiti, wenye chakula upande wa pili. Kundi zima lile chakula cha kukuzia, na wanaotaga wawekewe maganda ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo cha peke yake, kwa sababu kalisi ya chakula cha kuku wa mayai huharibu figo za vifaranga. Endelea hivyo hadi wadogo wafikie wiki 18 au mmoja wao aanze kutaga.